Mtakatifu Mia Mbili Arobaini na Tano

Nyumbani kwa Dada Yustina, huku Malangali ya Sumbawanga, maharage yanakaa kwenye droo ya M. Sebuleni kwake, mkono wa kulia ukiingia, kuna kabati la mninga lenye droo ndogo ndefu zilizopangwa safu kwa safu, kila droo na kishikio chake cha shaba na kidirisha cha kuwekea herufi. Zamani mlikuwa na kadi za maktaba. Sasa mna mbegu na vikorokoro vya nyumbani, na vyote vimepangwa kwa alfabeti: mahindi yamebanana na maharage kwenye M, ulezi umejitawalia U peke yake, vitunguu saumu viko V, na nilipofungua S kwa uchokozi nikakuta sindano na sabuni. Nikacheka, naye akacheka bila kuuliza ninacheka nini. Macho yamemwishia, haoni tena hata kivuli cha mtu mlangoni, lakini kwa sauti ya kishikio alijua nimevuta droo gani. "Funga vizuri, Leokadia," akasema. "Panya wa hapa wanajua kusoma."

Nilikuwa nimefika jana yake kutoka Mbeya, kwa sababu ya simu ya Krispin. Krispin ni mtaalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam aliyefanya kazi nasi mwaka mmoja tu, mimi na yeye tukiwa vijana na Dada Yustina akiwa mkubwa wetu, katika maktaba ya chuo cha makatekista kilichokuwa kilimani, nje ya mji wa Sumbawanga. Tangu hapo tumekuwa watu wa kutumiana salamu za Krismasi na za misiba. Safari hii hakuwa na msiba. Alisema katalogi yetu imefufuka, kwamba ile kazi tuliyoifanya inasomeka tena, na kwamba ndani yake kuna jambo moja ambalo Dada Yustina lazima aambiwe ana kwa ana. "Macho yake yamekwenda, masikio bado yapo," akaniambia. "Usianze kunihoji. Panda basi." Mimi si mtu wa kupandishwa basi na wanaume, lakini nilipanda. Na huyu hapa Krispin mwenyewe, kipara kinang'aa, amevaa sweta mbili kama alivyovaa wakati ule, anapuliza chai kwenye kochi la Dada Yustina na kukataa kusema kilichotuleta mpaka tuwe tumekula.

Habari za kuzaliwa kwangu nitaziruka, hazitamsaidia msomaji. Inatosha kusema kwamba nilikuwa nimemaliza shule, nilijua kupiga chapa, na chuo kilikuwa kinatafuta mtu wa kumsaidia mkutubi wao. Mkutubi ndiye Dada Yustina. Alikuwa amesomea kazi hiyo pwani, akarudi kwao Ufipa na cheti, na mchoro wa kabati ambao fundi seremala alilalamika kwamba haujamwachia nafasi ya kukosea, na tabia ya kuingia kazini na viatu vilivyong'arishwa hata wakati wa masika, sisi wengine tukiingia na nusu ya shamba miguuni. Siku ya kwanza alinipa kadi tupu na kitabu, akasema niandike kila kitu ambacho mtu asiyekiona kitabu kile angehitaji ili akitambue. Niliandika jina la kitabu na rangi ya jalada. Akanitazama kwa huruma. Rangi ya jalada ni habari ya leo, alinieleza. Jalada litachanika, kitavalishwa gazeti, na mtu atakayekuja baadaye akitafuta kitabu chekundu ataondoka mikono mitupu. Andika kitakachobaki. Nimefanya kazi nyingi baada ya hapo, nyingine katika ofisi zenye zulia, na bado sijapewa somo lililonifaa kama hilo.

Maktaba yenyewe lilikuwa bweni la zamani, refu, lisilo na dari. Ukuta uliotutenga na jiko la chuo ulikuwa umeishia chini ya kenchi, kwa hiyo harufu na maneno vilivuka bila hodi. Tulijua kabla ya saa nne kama mchana ni ugali wa ulezi na maharage au ni wali wa wageni, na siku za samaki, migebuka iliyokaushwa kutoka Kipili ziwani, tulifanya kazi tukimeza mate. Tulijua pia nani kagombana na nani, kwa sababu mpishi, Mama Gaudensia, alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. Mwezi wa sita upepo wa uwandani ulipita chini ya bati ukatugeuzia kurasa. Dada Yustina aliweka mawe madogo ya mtoni juu ya kila rundo la kadi, akayaosha Jumamosi kwa Jumamosi, na ole wako uyachanganye na mawe mengine.

Kwenye kona iliyopakana na jiko, mahali pakavu kuliko pote, palikuwa na rafu ya Kifipa. Ukiniuliza mwaka ule ulihusu nini, nitakujibu ulihusu rafu hiyo. Zilikuwepo nyimbo za kanisa zilizochapwa kwa stensili, vitendawili na hadithi zilizoandikwa kwa mkono na makatekista, na kijitabu cha Mzee Melkiori, katekista mstaafu, juu ya kilimo cha ntumba. Dada Yustina alivikusanya mwenyewe. Jumapili baada ya misa alipanda baiskeli akaenda vigangoni, akakaa na wazee, akanywa walichompa, na kurudi na karatasi ambazo wenyewe walikuwa wanafungia karanga. Kila moja aliiandikia kadi. Mzee Melkiori alikuwa anakuja siku za kuuza mahindi mjini, akiwa na mgeni huyu au yule, anavuta droo, anamwonyesha kadi yenye jina lake, anairudisha droo, wanaondoka. Kijitabu chenyewe hakukigusa hata mara moja. Nilidhani ni majivuno ya uzee. Leo nina vijitabu vyangu viwili na namwelewa.

Krispin alikuja na kompyuta ya kwanza kuonekana kilimani. Wafadhili wa chuo ndio walioitoa, kifaa cha kutuliza umeme kilinunuliwa Kasesya mpakani, na Krispin alitolewa Dar es Salaam na kanzidata yake kichwani na hofu zake moyoni, kwani alikuwa amesikia yote yanayosemwa nchi nzima kuhusu Sumbawanga na wachawi. Wiki ya kwanza alikuwa anaomba maji yaliyochemshwa mbele ya macho yake. Mama Gaudensia alipogundua, akawa anamuuliza kila asubuhi kama amelala salama au aliamka yupo shambani kwa mtu, analima. Krispin alikuwa anatusalimu "mambo", tunamjibu "poa" kwa aibu kidogo, na kwa Dada Yustina alijifunza upesi kwamba salamu ni "shikamoo" na hakuna nyingine. Alikuwa kijana mwerevu kweli. Nasema hivyo mapema kwa kuwa hadithi za namna hii zina kawaida ya kumfanya mtu wa mjini aonekane mjinga mwishoni, na Krispin hakuwa mjinga mwanzoni wala mwishoni.

Yeye ndiye aliyetufundisha muundo wa MARC, utaratibu wa kuandika habari za kitabu ili kompyuta izisome. Nilitarajia nitachoka kabla hajamaliza sentensi. Badala yake alichukua kadi moja ya Dada Yustina, akachora mistari ya penseli, na kila kipande akakipa namba. Mwandishi ni mia moja. Jina la kitabu ni mia mbili arobaini na tano. Kurasa na vipimo ni mia tatu. Mada ni mia sita hamsini. Namba hizo, alisema, ni zilezile Sumbawanga na ng'ambo ya bahari, na mtu asiyejua neno la Kiswahili akiona mia mbili arobaini na tano anajua hapo pana jina la kitabu. Kisha akatueleza kitu ambacho mpaka leo nikikifikiria nafurahi kama nimekigundua mimi. Rekodi inaanza na kichwa, na baada ya kichwa kuna ramani yake yenyewe: sehemu fulani inaanzia hapa, ina urefu huu. Ni kama tenga la dagaa lililobandikwa karatasi inayosema kuna nini ndani na kiko tabaka gani, mpokeaji hana haja ya kumjua aliyefunga. Mashine inahesabu tu. Muundo huo ulibuniwa Krispin akiwa bado anatambaa, siku ambazo kompyuta moja ilijaza chumba na kusoma tepu inayozunguka, na waliobuni walijua kwamba mashine yao itakufa. Ndiyo maana hawakuiamini mashine. Waliweka maarifa yote ndani ya rekodi, ili mashine yoyote itakayokuja iyakute.

Dada Yustina alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Aliuliza swali moja tu: nukta zake na mikwaju yake, zile alama za kadi zinazotenga jina la kitabu na la mwandishi, zinakwenda wapi. Krispin akasema zinabaki, zinaandikwa humohumo ndani ya sehemu kama zilivyo, ingawa namba zingetosha. Waanzilishi hawakutaka kutupa walichokirithi. Hapo uso wake ulifunguka. "Basi hawa watu ni wakulima," akasema. "Wamelima ntumba." Ikabidi tumweleze Krispin. Ntumba ni vilima vya mviringo vya Wafipa: unakata majani ya shamba, unayafunika kwa udongo yaoze, na msimu unaofuata unakivunja kilima na kupanda juu ya uozo ule. Wageni wanaopita wanaona shamba lenye vichuguu na kudhani ni uvivu wa kusawazisha. Krispin aliandika neno hilo kwenye kiganja chake kwa kalamu.

Kazi yenyewe tuliifanya wawili wawili, kwa sababu Dada Yustina hakuamini jicho la mtu mmoja. Mimi nilichapa, kisha nikasoma namba kutoka kwenye skrini, na yeye akajibu kutoka kwenye kadi. "Mia moja," nasema mimi. "Melkiori," anajibu yeye. "Mia mbili arobaini na tano." Anajibu jina la kitabu, pamoja na nukta zake. Asubuhi nzima, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, kwani ukipandisha sauti unachoka. Siku moja Mama Gaudensia akaja mlangoni na mwiko mkononi, akasimama, akatusikiliza mpaka mwisho wa rekodi, halafu akauliza hii ni litania gani asiyoijua, maana amesali miaka yote na hajawahi kumsikia mtakatifu mwenye namba. Krispin alicheka mpaka akashika meza. Kuanzia siku hiyo, kila nikisema namba, kutoka upande wa pili wa ukuta ilikuja sauti ya kuita ng'ombe: "Mtakatifu Mia Mbili Arobaini na Tano, utuombee." Dada Yustina hakucheka mbele yetu. Lakini niliona anaacha nafasi ndogo baada ya kila namba, ili Mama Gaudensia aweze kuitikia.

Ni ukuta huohuo uliotuletea habari mbaya. Padri mkurugenzi alikuja jikoni kupanga chakula cha wageni, na katikati ya habari za kuku akamwambia Mama Gaudensia asihangaike kununua karatasi za kuwashia moto. Kompyuta ikishakamilika, kadi zote zitakuwa zake, na kabati litaondoka, bweni likatwe, nusu liwe darasa. Alisema bila ubaya, kama mtu anayemgawia jirani maboga yaliyozidi. Dada Yustina alikuwa ameshika kadi. Aliimalizia kujibu, akaiweka chini ya jiwe lake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba basi kila kilichomo kwenye droo lazima kiingie kwenye mashine, kikiwa kizima, kwa kuwa hakutakuwa na pa kurudi. Tukaenda haraka zaidi. Rafu ya Kifipa tuliiacha mwisho, kama mtu anavyoacha nyama ya mwisho pembeni ya sahani.

Muundo ule una kisanduku cha herufi tatu za lugha. Herufi zenyewe hutungi wewe, unazitoa kwenye orodha. Kiswahili kina zake, Kiingereza kina zake, Kilatini, ambacho hata maaskofu wanakiongea kwa shida, kina zake. Tulipofika kwenye kijitabu cha Mzee Melkiori, Krispin alifungua orodha akashuka nayo kwa kidole, akapanda, akashuka tena. Kibemba cha ng'ambo ya Kasesya kilikuwemo. Kinyamwezi kilikuwemo. Kisukuma kilikuwemo. Kifipa hakikuwemo. Kulikuwa na herufi tatu za fungu la jumla, lugha za Kibantu, nyinginezo, na Krispin akasema tuweke hizo.

"Nyinginezo ndiyo nani?" akauliza Dada Yustina.

Krispin akaeleza kwa upole kwamba orodha si yake, imetoka kwa wenyewe, lugha zenye vitabu vichache zimewekwa pamoja. Dada Yustina akasema vitabu vichache hivyo yeye amevibeba kwenye baiskeli. Leo mtu akivuta droo anakuta mgongo mzima wa kadi zilizoandikwa KIFIPA. Kesho kadi ziko jikoni, na mtu akiiuliza mashine habari za Kifipa itamjibu haijui kitu hicho, maana vitabu vyote vimekwenda kulala na vya makabila mia, bila jina. "Asiyekuwepo na lake halipo," akasema. Akavuta kibodi kwake, yeye ambaye hakuwahi kuigusa, akatafuta herufi moja moja kwa kidole cha shahada: F, I, P. Akaniambia nifanye hivyo kwa rafu nzima. Nilifanya, na nakiri nilifanya kwa raha.

Programu ya Krispin ilikuwa na mlinzi wa kukagua herufi hizo. Siku aliyopakia rekodi, mashine ilizimeza nyingine kimya kimya, ikafika kwenye za rafu ya Kifipa, ikazitema. Zote. Skrini ilijaa mistari myekundu, na chini kabisa ikasema rekodi hizo hazitambuliki. Mchana ule tuligusagusa chakula tu. Ilikuwa migebuka, nakumbuka, na Mama Gaudensia alikuja kuuliza kama amezidisha chumvi. Padri mkurugenzi alikuwa ameshasema kompyuta izinduliwe Jumapili ya mavuno. Dada Yustina alikuwa anachambua miba na kuipanga pembeni mwa sahani kwa urefu, na ghafla nikaona anafuta uso kwa mgongo wa mkono. Sikujua nifanye nini. Nilimwogopa mno kumshika bega, na nilimpenda mno kuondoka, basi nikabaki nimekaa.

Krispin alikuwa ameinamia kitabu cha maelekezo ya muundo, kinene kama misale, sahani yake imepoa. Aliendelea kufunua mpaka vyombo vikaondolewa. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, kwamba hawa jamaa waliobuni kitu hiki walijua watasahau watu. Akatuonyesha. Karibu na kila kisanduku kigumu cha herufi na orodha kulikuwa na sehemu nyingine ya maneno huru, isiyokaguliwa na mlinzi yeyote, ambamo mtu aliyeachwa nje ya orodha anaweza kueleza kwa sentensi yake. Ya lugha ilikuwa mia tano arobaini na sita. "Hapa unaandika unavyotaka, Dada," akasema. "Kisandukuni tuweke nyinginezo ili mashine inyamaze, na hapa tuseme ukweli."

Dada Yustina aliomba asomewe ukurasa ule mara ya pili. Hakupenda. Alisema ni kama kupewa kiti cha barazani wakati wenzako wako sebuleni. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na barazani ni bora kuliko nje ya ua. Akatunga sentensi moja: Maandishi yako kwa Kifipa. Akatuamuru tuiandike hivyohivyo katika kila rekodi, herufi kwa herufi, nukta mwisho. Nilipochoka nikapendekeza tufupishe, tuandike Kifipa tu, au hata tubadilishe kidogo kulingana na kitabu, akakataa. Mtu atakayezitafuta siku moja, alisema, hatakuwa na sisi wa kumweleza tulimaanisha nini. Akiipata moja, aipate yote. Mlinzi wa mashine akazipokea zote. Mama Gaudensia akaitikia kutoka jikoni, "Mtakatifu Mia Tano Arobaini na Sita," na safari hii Dada Yustina ndiye aliyemalizia, kwa sauti, "utuombee."

Kadi ziliungua kama ilivyosemwa. Zilikuwa ngumu, hazikushika moto vizuri, na Mama Gaudensia alinung'unika. Dada Yustina aliomba kabati, akapewa, akalisafirisha kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka Malangali. Krispin alirudi Dar es Salaam mwaka ulipoisha, mimi nikapata kazi Mbeya, na chuo baadaye kiliunganishwa na kingine. Kompyuta ile haikudumu. Kampuni iliyotengeneza programu yake ilipotea kama moshi, na kwa miaka mingi mtu aliyekwenda kilimani kutafuta kitabu alikuta rafu na hakuna wa kumwongoza. Nilikuwa nikilikumbuka hilo nakasirika, nawaza tulichoma kitu kizima kwa ajili ya kitu cha msimu mmoja.

Nilichokuwa sijui ni kwamba Krispin, siku ya kuondoka, alitoa rekodi zote ndani ya programu ile na kuziweka kwenye disketi katika muundo wake mtupu, kichwa, ramani na sehemu zenye namba. Disketi zilipopitwa na wakati alizihamishia kwenye CD, kutoka hapo kwenye flashi, kutoka hapo alikokujua mwenyewe. Hakuna aliyemwomba. Nilipomuuliza jana kwa nini, alisema akiba haiozi, halafu akaongeza kwamba alikuwa na deni la maji yaliyochemshwa. Mwaka huu wanaoitunza maktaba ile sasa walimtafuta awawekee katalogi ya mtandaoni. Akaliingiza lile faili la ujana wetu kwenye mfumo mpya, mfumo uliotengenezwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa tulipolichapa, na ukalisoma mara ya kwanza. Nilimwomba arudie kunieleza hapo, kwa sababu ya utamu tu.

Basi tulipokwisha kunywa chai, na Sabina, mpwa wa Dada Yustina anayemtunza, alipokwenda jikoni kutazama chungu, Krispin alishindwa kungoja chakula. Akavuta kigoda mpaka miguuni pa Dada Yustina, akashika simu yake. Alimweleza kwa mpangilio, kama fundi. Kwamba orodha ya lugha imekua. Kwamba imekuja orodha nyingine ndefu, iliyokwenda mpaka kwa walioachwa, na muundo ule wa zamani, bila kuvunja chochote, umefungua mahali pa kuandika herufi zake na kutaja zimetoka kwenye orodha ipi. Kwamba aliuambia mfumo utafute kila rekodi yenye sentensi ile moja, na kwa kuwa ilikuwa moja, nukta kwa nukta, haikupotea hata moja. Zote sasa zina herufi tatu za Kifipa.

"Wamekipa zipi?" akauliza Dada Yustina.

"F, I, P," akasema Krispin.

Kidole cha shahada cha Dada Yustina kilikuwa kwenye goti, nikakiona kinabonyeza, mara moja, mara mbili, mara tatu, polepole, sehemu tatu tofauti za khanga. Machozi yalimtoka bila uso kukunjamana. Mimi nililia waziwazi, sina umri wa kuficha. Safari hii nilimshika bega.

"Na nyinginezo bado ipo?" akauliza baadaye.

Krispin akasema ipo, kuna lugha ambazo bado zinasubiri.

"Waambie waandike kwenye maelezo," akasema. Kisha akanyoosha mgongo, akaweka mikono mapajani, akageuza sikio upande wangu. "Haya, Leokadia. Soma. Nisikie kama mmeziharibu."

Nikachukua simu ya Krispin nikaisogeza mbali na macho, maana na yangu yameanza. Nikasoma namba, kwa ile sauti isiyopanda wala kushuka. Hakukuwa na kadi ya kulinganishia, ziliungua zote, lakini yeye alijibu. "Mia moja." "Melkiori." "Mia mbili arobaini na tano." Akajibu jina la kijitabu cha ntumba, pamoja na nukta zake. Aliacha ile nafasi ndogo baada ya kila namba, nami nikaiacha, kwa ajili ya Mama Gaudensia ambaye amelala makaburini kilimani. Tulikwenda rekodi kwa rekodi. Tukifika mia tano arobaini na sita, Krispin naye aliingia, tukajibu watatu: Maandishi yako kwa Kifipa. Sijui ni katika rekodi ya ngapi nilipoinua macho nikamwona Sabina mlangoni. Alikuwa amekuja kutunawisha, jagi la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo begani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja tumalize. Tukaendelea hadi rekodi ya mwisho. Tulipoimaliza, aliweka beseni chini, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kutumiminia maji, na hakuna hata mmoja wetu aliyemsahihisha.